Kwa Kaskazi, Tanga hadi Ushongo

Barabara itokayo Tanga kwenda Pangani ni ya kilomita 50 hivi, na basi huimaliza kabla abiria hajapata wasaa wa kujuana na aliyeketi naye. Lakini mimi niliikusudia kwa baiskeli, peke yangu, hema nimelifunga juu ya keria, nayo ilikuwa sehemu moja tu ya safari ndefu niliyoianza Mombasa nikielekea Bagamoyo kwa kuiandama pwani. Mwezi wa Januari nilikuwa nimeuchagua kwa makusudi. Wakati huo kaskazi imekwisha kushika, na aendaye kusini huupata upepo mgongoni. Na mpanda baiskeli, sawa na nahodha, hana budi kuuheshimu upepo, kwa maana ukimjia usoni humla nusu ya nguvu zake, na ukimjia nyuma humbeba bila kumdai kitu.

Nilitoka Ngamiani baada ya sala ya alfajiri, wakati zile barabara zake za namba zilikuwa bado na giza jepesi na harufu ya maandazi. Tanga ni mji wa baiskeli, na asiyeamini na asimame saa hiyo kwenye njia panda yoyote: atamwona seremala na msumeno wake, mwalimu na madaftari yake, mama aliyelikusanya baibui lake lisije likanaswa na mnyororo huku mtoto wa shule amekaa nyuma yake, na muuza mikate aliyelifunga kasha la mbao kwa mipira ya tyubu kuukuu, wote wakipita kwa utulivu na kengele zao. Baiskeli yangu iliwazidi kwa mzigo tu. Kando ya gurudumu la nyuma ilining'inia mifuko miwili yenye nguo, sufuria, mchele na majani ya chai. Juu ya keria lilikuwapo hema, mkeka na chandarua. Maji nilichukua lita sita. Na chini ya siti palikuwa na kijimfuko cha pampu, spana, viraka na solusheni. Mzee mmoja wa mikate alinitazama, akapunguza mwendo hata tukawa sambamba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba.

"Mwanangu, wahama?"

"La, babu. Naenda Bagamoyo."

"Na usiku?"

"Hulala palipo na watu, wakiniruhusu."

"Basi pa kulala hutapakosa," akasema, akakata kushoto kuingia mtaani na mikate yake.

Watu wengi huniuliza kama siogopi kusafiri peke yangu, nami huwajibu kwamba katika pwani hii mwenye baiskeli hawi peke yake hata akitaka. Aendaye kwa gari huwaona watu na kuwapita. Aendaye kwa miguu huwafikia wachache. Bali mwenye baiskeli huenda kwa mwendo ambao salamu hutosha ndani yake: humwona mtu kwa mbali, hupiga kengele, huamkia, huitikiwa, huulizwa atokako na aendako, na hujibu kabla hajapita. Kwa siku nzima hufanya hivyo na mkulima, mchuuzi, mchunga mbuzi na watoto wa chuo, na kila mmoja aliyemwamkia huwa shahidi wake. Kama lolote lingemfika njiani, wapo wawezao kusema: alipita hapa saa fulani, alikuwa mzima, alisema anakwenda mahali fulani. Hiyo ndiyo amana ninayoitegemea kuliko kufuli, na ndiyo sababu naipenda safari ya namna hii kuliko nyingine yoyote niijuayo.

Mji ulipoisha, barabara iliingia katika minazi na mihogo, mahali lami mpya, mahali kifusi chekundu kilichongojea kushindiliwa. Machui niliipita jua likichomoza. Upande huo, katika kijiji cha Vibambani, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909. Na kwa kuwa idara ya forodha aliyoanza kuitumikia mwaka 1926 ilimpeleka Pangani, nilifurahi kuwa magurudumu yangu yanaifuata njia iunganishayo kijiji cha uzazi wake na kituo cha kazi yake.

Tongoni iko nje kidogo ya barabara, upande wa bahari, na asiyepageukia hukosa mengi. Makaburi yapatayo 40 yameuzunguka msikiti uliobomoka, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa, na baadhi yake yalijengewa nguzo ndefu kwa taadhima ya waliolala chini yake. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, zimelala katika majani vipande vipande. Niliinama penye mojawapo, nikatia kiganja changu katika shimo la mviringo lililochongwa ubavuni mwake: hapo palipachikwa bakuli la kauri lililokuja kwa jahazi, na bakuli limekwisha kung'olewa zamani, ila alama ya ukingo wake imebaki katika chokaa, laini, hata kidole huweza kuizunguka. Mji huu ndio uliojulikana kwa jina la Mtangata, na Wareno nao wanao katika habari zao. Vasco da Gama, katika kurejea kwake kutoka Bara Hindi, alifika penye mafungu yaliyo mbele ya hapa Januari 1499, na mabaharia wake walikuwa wamepukutika kwa kiseyeye hata hawakutosha tena kuziendesha merikebu tatu. Basi akaiteketeza moja kwa moto, ile iitwayo São Rafael, akaenda zake na mbili zilizobaki. Alikuja na kaskazi, katika mwezi huu huu. Upepo ulioleta bakuli za kauri ndio uliomshukisha naye, na ndio uliokuwa ukiinyanyua ncha ya shati langu nilipokuwa nikitoka makaburini kuirudia baiskeli.

Mbele ya hapo gurudumu la nyuma lilianza kuyumba, na nilipolibonyeza nilikuta upepo umekwisha. Haikunipasa kwenda mbali. Chini ya mkorosho alikuwapo fundi, kijana mwembamba mwenye boksi la vyuma, beseni la maji na pampu ya mguu, naye hakunipa nafasi ya kuufungua mfuko wangu wa viraka. Alinisaidia kuishusha mizigo, akaigeuza baiskeli miguu juu, akaing'oa tairi kwa mikia ya vijiko viwili, akauvuta mpira, akautia upepo, kisha akauzamisha katika beseni na kuuzungusha polepole hata vipovu vikapanda mahali pamoja. Alipatia alama kwa ncha ya msumari. Alipafuta pakakauka, akapasugua kwa msasa, akapapaka solusheni. Na hapo ndipo ilipodhihiri tofauti ya fundi na mtu mwenye papara, kwani hakukibandika kiraka mpaka gundi ilipokuwa haishiki tena kidole. Tulipokuwa tukingoja alikitia kidole ndani ya tairi, akakipitisha taratibu mzunguko mzima, kwa maana kuziba tundu na kuuacha mwiba ni kazi ya kurudiwa. Aliupata: mwiba mweupe wa mgunga, mfupi kuliko ukucha.

Mpira huu wa kutiwa upepo umetufikia kutoka kwa John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama wa mji wa Belfast, aliyeutengeneza kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu na kuandikisha hati ya uvumbuzi wake mwaka 1888. Tangu siku zile hadi leo ni mambo machache yaliyobadilika ndani yake, na kijana wa chini ya mkorosho anaufahamu sawasawa na yeyote wa Ulaya. Aliomba ujira mdogo, nikamlipa na kumshukuru.

"Leo walala wapi, kaka?"

"Ushongo, inshallah."

Aligeuka akasema neno na mchuuzi wa samaki aliyekuwa amesimama kujaza upepo, matenga yake matupu nyuma, naye yule mchuuzi akanitazama mimi na mizigo yangu, akatikisa kichwa kwa kukubali, akapanda baiskeli yake ya Phoenix akaelekea Pangani kwa kasi nisiyoweza kuifuata.

Kigombe nilikula mihogo ya kukaanga na samaki, na pilipili iliyotiwa embe bichi. Ni kijiji cha wavuvi, na wavuvi wa pwani hii waliishangaza dunia: kuanzia mwaka 2003 majarife yao yaliyotegwa katika kina kirefu yalimtoa silikanti, samaki ambaye wataalamu walimhesabu kuwa alitoweka zama za kale mno, hata alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yake ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 2009, kutoka kaskazini ya Tanga hadi kwenye mlango wa mto Pangani, mwendo wa kilomita 100 hivi.

Baada ya Kigombe jua lilikuwa juu ya utosi, na barabara ilipita katika mashamba ya mkonge, safu kwa safu, bila kivuli cha kumfaa hata sungura. Mkonge una sifa hii, kwamba humkalisha msafiri juani huku ukimwonyesha utaratibu mtupu. Baiskeli katika joto la namna hiyo hutaka hekima: maji hunywewa kabla ya kiu, funda kwa funda, na mwendo hupunguzwa mpaka pumzi iwe ya kutosha kusema nayo. Hapo ndipo basi moja liliponipita kwa nyuma, karibu mno, bila honi, likanisukumiza kwenye kokoto. Sikuanguka, lakini nilisimama kitambo nikaushika usukani mpaka mikono ilipotulia. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu barabara hii ni kipande cha njia mpya iendayo mpaka Bagamoyo kupitia Saadani, kilomita 256 kwa jumla, na kila inapokamilika kwa lami magari huongeza kasi, ilhali wanaoitumia kutwa ni wachuuzi wa samaki, wabeba mkaa, wauza madafu na wanafunzi, wote wa baiskeli. Nawaomba wajengao barabara za pwani wasiusahau ukingo. Mita moja na nusu ya lami pembeni, iliyo sawa na isiyorundikwa mchanga, yatosha kuokoa maisha ya watu ambao biashara yao ndiyo inayoilisha miji yetu.

Pangani niliingia baada ya adhuhuri. Nilisali, nikajinyosha barazani kwa saa nzima, nikiutazama mji ule wa kuta nene na milango ya nakshi, ambao wakati mmoja ulikuwa bandari ya misafara, ya pembe na ya watumwa, na ambao sasa umenyamaza. Mwaka 1888, uleule wa Dunlop na mpira wake, Wajerumani wa kampuni iliyokodishiwa pwani walitaka kuipandisha bendera yao hapa, na wakili wao Emil von Zelewski alitumia jeuri iliyowachosha wenyeji. Watu wa Pangani wakainuka, chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi, na moto ukaenea mji kwa mji katika pwani. Vita vilimalizika kwa majeshi ya Hermann von Wissmann, na Abushiri alinyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nilipouliza habari zake, bibi mmoja muuza kahawa alinyoosha mkono kuelekea mtoni, akasema bila kuongeza neno, "Walimuua mbele ya watu." Miaka zaidi ya mia imepita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia msiba wa nyumbani kwake.

Mto wenyewe ni mpana na wa rangi ya udongo, kwani maji yake yametoka Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale, hata yakaufikia mlango wa bahari yakiwa yamebeba kila namna ya nchi. Ng'ambo ni Bweni. Nilivuka kwa pantoni, nimesimama baina ya pikipiki na mbuzi wawili, na mbele yetu wajenzi walikuwa kazini kwenye daraja la mita 525 litakaloiondoa kazi ya pantoni. Namtakia heri kila mama mjamzito atakayelivuka usiku kwenda hospitali. Kwa upande wangu niliyathamini yale mazungumzo ya dakika chache za maji, maana hapo ndipo nilipogundua jambo. Mvulana mmoja mwenye ndoo ya kamba aliniuliza, kabla sijafungua kinywa, "Wewe ndiye mgeni wa Ushongo?"

Kusini ya Bweni ipo Kikogwe, na huko ndiko ulikoanzia mkonge wote uliokuwa umenichoma mchana kutwa. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai mwaka 1893 ilikuwa 62, nayo ikapandwa hapo. Kutokana na hiyo 62 nchi ilifika kuzalisha zaidi ya tani laki mbili katika mwaka 1964, na jasho la watu waliokuja kuukata, kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, halina mizani ya kulipima. Nilipita nikiutazama kwa macho mengine.

Njia ya Ushongo ilikuwa ya mchanga chini ya minazi. Tairi huzama, usukani hugeuka wenyewe, na mpanda baiskeli hana haya kushuka na kukokota. Nilikokota sana. Lakini kaskazi ilikuwa imepata nguvu ya alasiri, makuti yalikuwa yakivuma juu yangu, na kila nilipoinua kichwa bahari ilionekana baina ya vigogo, ya kijani karibu na ya buluu mbali, na kila mtu niliyekutana naye alinipa pole kwa mchanga. Sijui ni nchi gani nyingine ambamo mtu asiyekujua hukupa pole kwa sababu ya ardhi.

Nilifika kijijini saa kumi na moja. Desturi ni moja pwani nzima, nami huishika: mgeni hajichagulii mahali pa kulala, bali humtafuta mkubwa wa mahali, hupiga hodi, hueleza nasaba yake na nia yake, kisha hungoja. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mzee wa kofia nyeupe, ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akishona wavu. Nilianza kujieleza, akanikatiza kwa upole.

"Habari zako zimetutangulia. Ulipasukiwa na mpira karibu na Tongoni, ukala Kigombe, basi likakutisha kwenye mkonge. Pole sana, mwanangu. Tumekungoja tangu alasiri."

Yule mchuuzi wa matenga matupu ndiye aliyezileta za mwanzo hadi Pangani, na wengine wakazipokezana: walioniona nikila Kigombe, na waliokuwa shambani basi liliponipita, ambao mimi sikuwaona lakini wao waliniona. Nilikaa kimya kwa muda. Kutwa nilikuwa nikijihesabu mtu mmoja barabarani.

Mzee alinipeleka ufukweni mwenyewe. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne, siku za bamvua, na maji yalikuwa yamejaa hadi miguuni mwa mivinje. Hapo bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na asiyejua hulaza hema lake kwenye mchanga mkavu wa mchana akaamka amelowa. Alinionyesha mstari wa mwani uliokauka, akanipandisha hatua kumi juu yake. Akautazama mnazi uliokuwa karibu, akanisogeza tena, kwa sababu ya nazi. Mambo za hema langu hazikushika katika mchanga ule mlegevu, zikang'oka kila upepo ulipovuta. Akamwita mjukuu wake, akaja na makumbi manne ya nazi. Tuliifunga kila kamba katikati ya kumbi, tukachimba kwa mikono hadi kina cha kiwiko, tukalizika kumbi likiwa limelala, tukakanyaga mchanga juu yake. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, na kamba haikutoka. Mlango aliniambia niuelekeze kusini magharibi, nilipe hema kisogo cha kaskazi, nami nikafanya.

Wali wangu sikuupika. Maghribi ilipopita, mjukuu yuleyule aliniletea sinia: wali wa nazi, changu wa kupaka na mchicha, salamu za nyanya yake juu yake. Tulikula sote watatu nje ya hema, mwezi ukitoka baharini upande wa Maziwe. Mzee alinihadithia kwamba kisiwa kile alikijua kikiwa na miti, na kwamba kasa walitaga huko kwa wingi. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji makubwa hulifunika lote, na mayai ya kasa watagao pale huhamishiwa kwenye ufuko wa Ushongo ili yasizame. Yeye mwenyewe huwakataza vijana wasiyaguse, na alilisema hilo kwa sauti ya kuamrisha, mjukuu akimsikiliza.

Kisha tukayaingia mambo ya kesho. Saadani ni hifadhi ya taifa, simba na tembo wamo, na baiskeli haiingii mle hivi hivi. Itanibidi kuomba ruhusa langoni au kuizunguka. Lakini kufika Kipumbwi, alisema, nifuate ufuko, kwa kuwa maji yatakuwa yakipwa tangu alfajiri na mchanga uliotoka majini karibuni ni mgumu kuliko njia ya juu. Pale Kipumbwi kuna mto. Nitavushwa kwa ngalawa, baiskeli na mizigo.

"Utatoka saa ngapi?"

"Saa moja, mzee, maji yakishakwenda mbali kidogo."

"Mchuuzi wetu anaondoka saa kumi na moja," akasema, akiinuka na kukung'uta mchanga wa kanzu. "Nitamwagiza awaambie Kipumbwi wakuwekee ngalawa. Na babako umesema aitwa nani? Watauliza."

Nikamtajia.